Chemchemi ya Siku ya Tano

Mizani ya jikoni kwetu ilinunuliwa kupimia unga. Nasema hivyo mapema ili mjue kwamba bibi yenu alikuwa na haki ya kununa. Jumamosi moja narudi kutoka kibandani kwangu, mimi ni fundi viatu, nafungua mlango wa sebuleni, namkuta mjukuu wangu kapiga magoti sakafuni anapima soksi. Soksi moja moja. Anaweka ya kulia, anasoma, anaandika kwenye daftari. Anaitoa, anaweka ya kushoto.

"Mchumba," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu anatambaa, "hizo si pacha? Ukipima moja umepima zote."

"Hii ya kushoto imezidi gramu mbili, Babu."

"Basi mguu wa kushoto ndio utakaochoka kwanza."

Hakucheka. Binti huyu kazi yake ni kukata vioo kwenye duka la miwani, na kule ukikosea unene wa unywele tu, mteja anatoka nje anaisalimia nguzo ya umeme. Ndivyo alivyo. Ana miaka ishirini na sita, anakaa na sisi kwa sababu kazini kwake ni karibu, na kitu akikishika hakiachi mpaka kiseme chenyewe.

Safari ilikuwa hivi. Yeye na wenzake wawili walitaka kuvuka milima kwa miguu, siku kumi na mbili, hema mgongoni, chakula mgongoni, jiko mgongoni, kama konokono. Wamekusanya likizo zao mwaka mzima kwa ajili ya mateso hayo. Na milima hiyo ina barabara ya lami inayoizunguka, basi linatumia saa saba, na ndani kuna kijana anagawa soda. Nilipomkumbusha habari ya basi akanitazama kwa huruma.

"Babu, kwani wewe ulipanda basi?"

Hapo sasa ndipo penye kidonda.

Maana kila mtu katika ukoo huu anajua kwamba mimi, miaka hamsini na moja iliyopita, nilivuka milima ile kwa miguu, peke yangu, siku kumi na mbili, kwenda kumposa bibi yenu aliyekuwa kwao upande wa pili. Watoto wangu wamelala kwa hadithi hiyo. Wajukuu wamelala kwa hadithi hiyo. Mkwe wangu mmoja aliwahi kulala nayo mchana kweupe, kikombe mkononi. Na mjukuu wangu kwenye karatasi kubwa aliyoibandika ukutani, pale ilipokuwa kalenda, ameandika juu kwa kalamu nyekundu: NJIA YA BABU.

Sasa niwaambie nyinyi, ili tuende pamoja bila kufichana. Sikuvuka.

Nilianza, hilo msininyang'anye. Nilikuwa kijana, najifunza ushonaji viatu kwa fundi mmoja mkali, na kwa ajili ya safari hiyo nilijishonea buti kwa mkono wangu mwenyewe. Zilikuwa nzuri kwa macho. Asubuhi nikapanda nazo naimba. Jua la saa nane likanikuta nimekaa kwenye jiwe, visigino vyote viwili vimetoka malengelenge makubwa kama mayai ya njiwa, na yameshapasuka. Fundi viatu kushindwa na viatu vyake. Hilo si jambo la kumwambia mteja, na mimi nimefungua kibanda miaka arobaini na nane, sijamwambia hata mmoja.

Nikashuka, sehemu nyingine kwa miguu, sehemu nyingine kwa makalio, mpaka chini kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Wapasua mbao wakaniokota. Nikakaa nao siku tisa, miguu peku, nafagia unga wa mbao, napewa chakula na pa kulala. Lori lilipojaa nikapanda juu ya mbao, tukaizunguka milima kwa barabara, wakati huo vumbi tupu, nikashushwa kwenye kona karibu na kwa kina bibi yenu. Mahesabu yangu: siku moja mlimani, tisa kiwandani, mbili kwenye lori. Kumi na mbili kamili. Mungu hakosi utani.

Sasa baba mkwe. Mzee yule alikuwa ametangaza mbele ya watu: "Binti yangu simpi mtu atakayekuja kwangu amekalia kitu." Kijana mmoja mwenye baiskeli, tena mpya, ina kengele, alirudishwa getini kwa sababu hiyo hiyo. Mimi natokea pale nachechemea, buti nimezining'iniza shingoni. Mzee hakunisalimia hata. Aliinama akatazama visigino vyangu, akainuka, akawaita majirani.

"Njooni mtazame miguu ya mwanamume."

Nauliza, hapo mimi nimesema uongo gani? Sijafungua mdomo. Nimesimama tu. Ila wakaniketisha, wakaniletea maji ya moto ya miguu, mzee akaanza kuuliza siku moja moja. Nikajibu. Wale wapasua mbao jioni hawakuwa na kazi ila kusimulia, kwa hiyo nilikuwa naijua njia yote kwa masikio: pango la siku ya pili, kijito cha siku ya nne, ziwa la siku ya sita. Siku ya tano tu hawakuwahi kuisema, maana pale hapana kitu cha kusemwa, ni mgongo wa mawe. Na mzee, kama aliyetumwa, akauliza: "Siku ya tano ulikunywa nini?"

"Kuna mwamba," nikasema, "umelala kama ng'ombe. Chini yake chemchemi. Haijui kiangazi wala masika. Maji yake yanauma meno."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Naam. Nimeisikia chemchemi hiyo."

Mzee yule hajawahi kupanda hata kichuguu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku kumi na mbili, na kila mwaka niliiongezea kona.

Basi turudi sebuleni. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kikao kilikaa. Mimi nilipewa kiti chenye mto, cheo changu mshauri. Wajumbe watatu. Mjukuu wangu mmemjua. Wa pili ni mwalimu wa hesabu, kijana mwembamba, miwani yake ndiyo iliyowakutanisha. Huyo aliamini kwamba mtu anakufa mlimani kwa gramu. Alikata mpini wa mswaki ukabaki wa kushikwa kwa vidole viwili. Alitoboa kijiko matundu. Akabandua kikaratasi cha kila pakiti ya majani ya chai. Wa tatu ni dereva wa gari la wagonjwa, wanamwita Ving'ora, na kwa jina hilo ungedhani ni mtu wa makelele. Wapi. Ving'ora akianza sentensi unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta mwishoni.

Nikawapa njia. Siku ya kwanza pandeni hivi, ya pili laleni pale. Mwalimu anaandika, mjukuu wangu analinganisha na ramani. Kijito kipo? Kipo. Pango? Lipo. Kila kikipatikana kitu wananitazama kama nimekiumba mimi. Tukafika siku ya tano.

"Maji ndiyo mzigo," mwalimu akasema. "Lita moja ni kilo moja, haibembelezeki. Kwa kuwa katikati kuna chemchemi ya Babu, tunabeba lita mbili mbili tu badala ya sita. Kila mtu kaokoa kilo nne."

Wakanipigia makofi. Na mimi, badala ya kukohoa, nikainua mkono kama mgombea. Kichwa kilivimba mpaka kofia ikabana.

Ving'ora ndiye aliyeomba kuuliza. "Mzee wangu, shikamoo tena."

"Marahaba."

"Mimi kazini kwangu, nikiitwa mahali, kabla sijaingia nataka nijue natokaje. Sasa hii siku ya tano. Ramani inaonyesha mawe, kutoka kijito cha nne mpaka ziwa la sita. Hakuna pa kushukia pembeni. Tukikuta maji hayapo, tunatokaje?"

"Ving'ora bwana," mwalimu akasema, "hujaingia unataka kutoka. Ndiyo maana hujaoa."

"Nimeuliza tu."

"Babu ametaja vitu vinane," mjukuu wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtetea mtu wake, "vyote vipo kwenye ramani. Cha tisa ndicho kiwe uongo? Ramani haijui kila kitu. Babu alikunywa maji pale."

Wote watatu wakanigeukia. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilitakiwa kupita tu.

"Maji yapo," nikasema.

Nyinyi mnaweza kunihukumu, na mimi wiki ile nilijihukumu mwenyewe kibandani. Alikuwa ameniletea buti zake nizitie soli mpya. Mguu wa binti yule ni mdogo, namba thelathini na saba. Nimeshika kibuti kile kwenye paja, natia gundi, nawaza kitakavyokanyaga mawe siku nzima kuelekea kwenye ng'ombe wangu ambaye hayupo. Watafika, watatafuta. Kwa kuwa Babu kasema, watatafuta sana. Watazunguka kila mwamba wakiuliza wewe ndiye ng'ombe? Na maji yameisha.

Mtasema, si umwambie. Kumwambia mjukuu si kazi, mjukuu atakucheka yataisha. Kazi ni bibi yenu. Mwanamke yule nilipewa kwa sababu ya visigino. Ukivitoa visigino kwenye hadithi, mimi nilistahili nini? Sina jibu, na nilikuwa sitaki aanze kulitafuta.

Kwa hiyo nikajaribu njia za panya. Kwanza nikamwambia mjukuu wangu wakati anasuka kamba za begi, "Unajua, Mchumba, miaka hamsini ni mingi. Hata chemchemi inazeeka. Huenda imekauka."

"Babu, si umesema haijui kiangazi wala masika?"

"Nimesema?"

"Tangu nina miaka mitano unasema."

Nikabadilisha. Nikajitia nimeanza kusahau. Nikamwita kwa jina la shangazi yake, nikamimina sukari kwenye chumvi, mambo ya namna hiyo. Mtoto akaingiwa na hofu, akanikalisha kitini, akashika mikono yangu, akanipima kumbukumbu kwa kitu alichojua ninakijua.

"Babu, siku ya tatu ulilala wapi?"

Nilitaka kusema sijui. Mdomo ukasema wenyewe, "Chini ya mti ulioungua kwa radi, upande usio na upepo."

"Siku ya saba ulikula nini?"

"Viazi viwili vya kuchoma, cha tatu kilitumbukia ziwani."

Akaniuliza zote kumi na mbili. Sikukosa hata moja. Akanibusu kichwani, akasema, "Akili yako kama wembe, Babu." Na ni kweli. Mimi nasahau miwani iko wapi na iko puani, ila siku ambazo sikuzitembea sijapoteza hata moja.

Mwisho nikaingia kwenye begi lake kama mwizi, nikapachika chupa nne za maji chini kabisa, nikazifunika na sweta. Jumamosi mwalimu akaja na ratiba yake ya kupima. Akaning'iniza begi kwenye mizani yake ya ndoano, akasoma, akapauka.

"Kuna mtu ameingiza kilo nne humu."

Wote wakamtazama bibi yenu, sijui kwa nini, labda kwa kuwa bibi ndiye anayejulikana kwa kufungasha watu.

"Msinitazame," akasema. "Mimi hata mizani yangu sijaiona wiki ya tatu hii. Napika kwa kukisia kama mtu aliyeibiwa."

Ikafika Jumapili ya mwisho. Safari ni Alhamisi. Mabegi matatu yamesimama sebuleni kama wageni waliokosa viti, bibi yenu yuko jikoni anachemsha chai, mwalimu anasoma orodha kwa mara ya mwisho. Alipofika "siku ya tano, lita mbili", nikapiga moyo konde.

"Chemchemi hakuna," nikasema.

"Imekauka?" mjukuu wangu akauliza.

"Haijawahi kuwepo. Niliitunga. Siku ya tano sikufika, wala ya pili sikufika. Sikuvuka."

Mwalimu akaangua kicheko, akampiga Ving'ora begani. "Anatupima. Babu anatupima, si unaona? Kama makocha wa ngumi. Anataka kuona kama tutatishika."

"Babu," mjukuu wangu akasema kwa upole, "unaogopa niende. Naelewa. Ila usijidhalilishe kwa ajili yangu."

Jamani. Nimedanganya miaka hamsini na moja nikaaminiwa, nimesema kweli dakika moja nikakataliwa. Ving'ora peke yake hakucheka. Aliniinamia akauliza, "Kama hukuvuka, mzee wangu, siku hizo zote ulikuwa wapi?"

Nikamwaga mtama. Nikawasimulia buti, malengelenge, kushuka kwa makalio. Nikawasimulia kiwanda, mnyapara wake aliyekatwa vidole viwili na msumeno, kwa hiyo akihesabu mbao anafika nane anaanza upya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikawasimulia ufagio wangu, ulivyokuwa mfupi, na lori, na kona niliyoshushwa. Kadiri nilivyosema kicheko cha mwalimu kikawa chembamba, kikakatika. Maana hadithi ya uongo ina ng'ombe wa mawe na radi, lakini ni nani atakayetunga ufagio mfupi?

Nikasikia sinia linawekwa mezani. Bibi yenu alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Unga wa mbao," akasema.

Akapanga vikombe, kimoja kimoja.

"Siku ile umefika kwetu, masikioni ulikuwa na vumbi la njano. Mama akanivuta jikoni, akaniambia, mwanangu, huyu mchumba wako ana mba wa masikio. Mimi nikamwambia, hapana mama, hilo ni vumbi la milimani." Alikuwa anaongea nami lakini anatazama ukutani, kwenye karatasi. "Nilikutetea. Nilikuwa sijui lolote nikakutetea. Miaka yote hii sijawahi kujiuliza ni mlima gani wenye vumbi la njano."

"Mke wangu..."

"Yule wa baiskeli baba alimrudisha kwa sababu alikuja amekaa. Na wewe ulikuja umekaa kwenye lori."

"Juu ya mbao," nikamrekebisha. Msiniulize kwa nini. Kuna wakati ulimi haushauriani na mwenyewe.

"Angalau yeye alikanyaga pedali," akasema, akarudi jikoni, chai akaiacha pale, hakummiminia mtu.

Ving'ora akainuka taratibu, akaenda ukutani, akakata "lita mbili" kwa mstari mmoja. "Kwa hiyo maji hakuna."

"Sijui, mwanangu. Sijawahi kufika."

"Ahsante, mzee wangu," akasema, na alimaanisha.

Mjukuu wangu hakusema ahsante. Alichukua simu, akapiga ofisi ya walinzi wa milima, ile waliyoiandikia barua mwezi mzima bila majibu. Safari hii akapokea mama mmoja, sauti kavu, na simu ikawekwa juu ya meza wote tusikie.

"Njia ya mgongoni? Hiyo wanaopita kwa mwaka nawahesabu kwa vidole. Siku ya tano mna maji kiasi gani?"

"Tulipanga lita mbili mbili. Tuliambiwa kuna chemchemi katikati."

"Chemchemi." Yule mama alilitamka taratibu. "Nani kawaambia?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikasikia mjukuu wangu anavuta pumzi.

"Kuna mzee mmoja alipita zamani."

"Basi huyo mzee alipita na ngamia. Sikiliza, binti. Lita sita kila mtu, na mlale huko huko juu bila kupikia maji mengi. Mwaka juzi tulimtoa mtu pale amebebwa, na huyo alikuwa na nne."

Simu ilipokatwa ilibaki kazi ya kutafuta kilo nne za kutoa kwenye kila begi. Wakatoa sufuria ya tatu, wakatoa kamera kubwa, wakatoa kitabu, wakatoa mkebe wa asali ambao mwalimu alikuwa ameuficha kwenye soksi, yeye huyo huyo aliyetoboa kijiko. Akaushika mswaki wake uliokatwa akautazama kama mtu aliyenyoa nyusi kwa ajili ya sherehe iliyoahirishwa. Mjukuu wangu akabandua karatasi ukutani, akaanza nyingine mpya. Juu hakuandika kitu.

Siku tatu hakuniita Babu. Aliniita "samahani", kama "samahani naomba kupita". Jumatano akaja kibandani kuchukua buti. Akazipindua, akakagua mshono kwa lile jicho la dukani kwao.

"Umeshona mara ngapi?"

"Mara mbili pembeni. Kisigino nimekilainisha kwa mafuta, siku nne."

"Na hiyo ni kweli?"

"Hiyo ni kweli."

Akazivaa, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani, akageuka. "Haziumi."

"Zangu nazo asubuhi hazikuuma."

Alijitahidi kukunja uso, kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda cha wateja. Halafu akasema, bila kucheka, "Ungeniacha niende, Babu?"

"Nilikuachia Jumapili nne," nikamwambia. "Ya tano ndiyo imenishinda." Alifunga kamba, moja baada ya nyingine, akaondoka nazo miguuni.

Wakaenda. Nyumba ikabaki na watu wawili na mizani, na mizani ndiyo iliyopendwa. Bibi yenu hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alinipa jina. "Abiria, chakula tayari." "Abiria, kuna mtu getini." Jioni ya siku ya kwanza, saa kumi, akaweka chai, akaketi mbele yangu, akakunja mikono.

"Haya. Siku ya kwanza. Ile ya kweli."

Nikasimulia buti upya. Akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka na vikombe. Kesho yake, saa kumi ile ile: "Siku ya pili." Nikamwambia jinsi nilivyopewa ufagio. Nikiongeza chumvi kidogo tu ananikata. "Mnyapara alikuwa na mbwa mkubwa," nikasema. "Ukubwa gani?" "Wa kawaida." "Endelea." Hivyo hivyo ya tatu, hivyo ya nne. Sijawahi kuona adhabu ya namna hiyo, mtu kulazimishwa kukumbuka kufagia. Ila nitawaambia kitu, usiku wa kuposa hakuniuliza swali hata moja, baba yake ndiye aliyeuliza yote. Hii ilikuwa mara ya kwanza anauliza yeye.

Siku ya tano ilipofika saa kumi, chai ikawekwa, akaketi, hakuuliza. Nje jua lilikuwa kali, jua la kuanika mahindi. Mtandao hakuna mpaka wafike ziwani, na ziwani ni kesho. Tukakaa. Chai ikaweka utando.

"Lita sita zinatosha?" akauliza.

"Yule mama alisema zinatosha."

"Yule mama aliwahi kufika?"

"Huyo amefika."

Kesho yake sikufungua kibanda. Asubuhi simu ilikuwa mezani katikati yetu, mchana ipo, hakuna aliyekula. Saa tisa kasoro ikatikisika. Bibi yenu akaikwapua kabla yangu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno neno.

"Tupo ziwani. Wote wazima. Maji yalibaki kikombe kimoja, tumegawana watatu."

Akasoma tena, mara hii kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nahesabu lita mbili kwenye kichwa, nafika kwenye mawe, naacha, naanza upya. Najua na yeye alikuwa anahesabu, maana alinyoosha mkono akashika mkono wangu pale mezani. Akauachia haraka, kama mtu aliyeshika chombo cha mwenzake.

Akaenda jikoni. Akarudi na chai ya moto, vikombe viwili, akaketi mbele yangu, akakunja mikono.

"Haya, Abiria. Ya jana hukunipa."

"Siku ya tano," nikasema, "ilinyesha mvua kubwa sana."

Akaniangalia juu ya miwani.

"Manyunyu," nikasema.